MASTAA WA CHUGA, SEMENI UKWELI: KUNYIMWA VIZA SIYO AIBU

Kuna msanii mmoja wa hapa Chuga, wenye mji wanamjua, aliwahi kubandika bango la ziara ya Ulaya: miji mitano, tarehe tano, na yeye katikati kavaa miwani ya jua. Mashabiki wakammwagia maua, redio zikamhoji, washkaji wa Kijenge wakachanga na kumfanyia kasherehe ka kumuaga. Tarehe ya kwanza ikapita kimya. Ya pili nayo ikapita. Alipobanwa akasema promota kazingua. Wiki tatu baadaye akaonekana Njiro anatafuna mbuzi choma, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi.

Promota wa watu hakuzingua kitu. Jamaa alinyimwa viza. Ni jambo linalowakuta walimu wa chuo, wafanyabiashara, wachungaji na hata watu wenye maghorofa yao mjini. Lakini yeye aliona heri mtu mwingine atukanwe mtandaoni wiki nzima kuliko kutamka maneno mawili tu: nimenyimwa viza.

Kuna mrembo naye. Huyu wafuasi wake wanajaza uwanja wa Sheikh Amri Abeid na wengine wabaki nje. Kila baada ya miezi michache anaposti pasipoti juu ya meza ya kahawa pale KIA, ndege inaonekana nyuma ya kioo, na chini kaandika "Mungu fundi". Watu wanaandika "nenda dada, Dubai inakusubiri". Yeye hakanushi. Kesho yake picha zinatoka ufukweni, zimekatwa vizuri mashua zisionekane. Mwenye macho akaona ngalawa. Zanzibar! Sasa Mtanzania anakwenda Zanzibar na pasipoti ya nini?

Mtu akisoma hadi hapa anacheka, anasema ndo maisha ya mjini, kila mtu na kiki yake. Shida ni kwamba kuna mtu wa tatu, na huyo hachekeshi.

Huyu wa tatu hana wimbo wala sura ya matangazo. Ana simu mbili, suti moja ya bluu, na meza ya kuazima kwenye ofisi ya mtu mjini kati. Mtaani anaitwa "bosi wa viza". Kwenye simu yake kajaza picha za mastaa wote wa mji waliowahi kusimama mbele ya ndege. Chalii akienda kumuulizia safari, anaonyeshwa moja moja. "Huyu nilimpeleka mimi. Huyu pia ni mimi. Kwani aliwahi kusema alipataje?"

Kweli, hakuwahi kusema. Na hapo ndipo biashara nzima ilipokaa.

Staa anayeficha alivyonyimwa, na staa anayeficha alivyopata, wote wawili wanauza wazo moja kwa vijana wa Sakina, Unga Limited, Tengeru na Usa River: kwamba kusafiri kuna siri. Kwamba kuna mlango wa nyuma, kuna mtu wa kumwona, kuna "koneksheni". Na kitu kikishaitwa siri, lazima atokee wa kuiuza. Kimya cha mastaa ndiyo bidhaa iliyoko mezani kwa kishoka. Yeye anaweka bei tu.

Bei yenyewe wadau mnaijua. Inaanza na laki tano ya "kufungua faili". Halafu inakuja ya "taarifa ya benki", ya "mwaliko", ya "mtu wa ndani". Chalii wa mlimani, tuseme wa kule Poli, anapeleka. Hela ya kwanza ni akiba yake ya kubeba mizigo ya wageni. Ya pili mama anakopa kikoba. Ya tatu anauzwa ng'ombe wa maziwa. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Bosi, vipi, majibu bado?"

"Tulia dogo, faili liko mezani kwa mkubwa. Ongeza laki tatu ya kulisukuma."

Mwezi unapita.

"Bosi, shikamoo. Mama anauliza."

"Marahaba. Mwambie mama aombe sana, kuna ishu ya mfumo."

Mwezi mwingine. Namba unayopiga haipatikani.

Ukitaka kujua huyo dogo kaumia kiasi gani, angalia salamu. Alianza na "vipi", akamalizia na "shikamoo". Hela zake zilivyozidi kwenda, ndivyo alivyozidi kunyenyekea kwa mtu anayemwibia.

Na kesi hiyo haifiki polisi. Kwanza, dogo anaogopa kuchekwa kijiweni. Pili, alishasaini fomu yenye taarifa ya benki ya kughushi, kwa hiyo akienda kushtaki anajishtaki na yeye. Ile aibu iliyomfunga mdomo staa wa Ulaya ndiyo hiyohiyo inayomfunga mdomo chalii wa Poli. Tofauti ni kwamba staa alipoteza wiki moja ya kutukanwa promota, na huku mama kapoteza ng'ombe na kikoba kinadai.

Sasa hiyo siri inayouzwa ni ipi hasa? Hamna. Masharti yameandikwa, yako wazi, na kwenye tovuti za balozi yanasomwa bure.

Chukua viza ya nchi za Schengen, ambayo ndiyo ya Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia na wenzao. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko, na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Unaonyesha hela ya kujikimu, mahali pa kulala, sababu ya safari, na mambo yatakayokurudisha nyumbani: kazi, biashara, familia, masomo. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Mapema kabisa ni miezi sita kabla ya safari, mwisho ni siku 15. Ukipewa ya muda mfupi, huruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180.

Ndo hivyo. Hakuna mstari unaosema "mwone fulani". Na anayekwenda kupiga shoo ya kulipwa asijifanye mtalii. Nchi nyingi zina masharti yake kwa kazi ya sanaa, zinataka mkataba na kibali. Msanii anayepeleka picha za mabango yake badala ya karatasi za promota asishangae akirudishwa.

Marekani nayo imeeleza kwa maandishi. Ada ya ombi la viza ya matembezi ni dola 185 tangu Juni 2023, zaidi ya laki nne za hapa, nayo hairudi. Oktoba 2025 waliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000, 10,000 au hata 15,000, anayorudishiwa akiheshimu masharti. Desemba hiyohiyo ikatoka amri nyingine ya kusitisha, kuanzia tarehe 1 Januari 2026, utoaji wa viza za matembezi na za wanafunzi kwa Watanzania, isipokuwa kwa makundi machache. Kwa hiyo mtu anayekaa mjini hapa na kumwambia mtoto wa watu "Marekani nakutoa kwa milioni tatu, ndani ya mwezi", amrudishie hela yake kabla hajamaliza sentensi. Amri ya rais wa nchi nyingine haisukumwi na laki tatu.

Dubai ndiko kunakochanganya watu, kwa sababu kule viza ya Mtanzania kweli hupitia kwa mtu mwingine: shirika la ndege, hoteli, au wakala wa safari aliyesajiliwa. Hilo ni halali. Kishoka analichukua hilo halali analivalisha lake. Anamwambia dada wa watu kwamba viza ya matembezi ikishatoka "kazi utaikuta hukohuko". Viza ya matembezi haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na yaliyosimuliwa mle ni pasipoti kuchukuliwa na waajiri, mishahara kutolipwa, kazi za saa nyingi bila siku ya mapumziko. Binti aliyeondoka kwa mlango wa kificho hata pa kulalamikia panakuwa shida kupapata.

Na zile karatasi za kughushi? Hapo ndipo kishoka anapomuumiza mtu kwa miaka mingi ijayo. Uingereza, ukikamatwa umedanganya kwenye maombi, maombi yako yanaweza kukataliwa kwa miaka 10. Marekani, kudanganya jambo la msingi kunaweza kukufungia maisha. Nchi za Schengen zinatumia mfumo mmoja wa kumbukumbu: ombi lako, alama za vidole na kukataliwa kwako vinahifadhiwa kwa miaka mitano, na nchi moja ikiandika, nyingine zinasoma. Chalii aliyepelekewa taarifa ya benki yenye milioni 40 wakati anauza mitumba Kilombero hakupoteza hela tu. Kapoteza na ile nafasi ya haki ambayo angekuwa nayo miaka mitatu baadaye akiwa na kipato chake cha kweli.

Hapa huwa panatokea mjuaji mmoja anasema, "Mbona huyo bosi kuna watu amewapeleka kweli?" Swali zuri, na jibu lake ni hesabu ya darasa la tatu. Kishoka akichukua hela za watu 10, wawili kati yao walikuwa na kazi, na biashara, na mwaliko wa kweli. Hao wangepata hata wangekwenda wenyewe na daladala. Wakipata, anapiga nao picha. Wale wanane hawaonekani, kwa sababu wamejificha na aibu zao. Baada ya mwaka mmoja ana picha 20 na hana hata mlalamikaji mmoja. Nani asimwamini?

Ndiyo maana kunyamaza siyo jambo la mtu binafsi. Wale wanane wangesema, ile picha ya wawili isingekuwa na thamani.

Sasa turudishe swali kwenye aibu yenyewe. Inatoka wapi? Nani alisema ukinyimwa viza umepungukiwa utu?

Sheria ya Marekani, kifungu kinachojulikana kama 214(b), inasema wazi kwamba anayeomba viza ya matembezi anachukuliwa kuwa anataka kuhamia kule mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Soma tena. Mwombaji anaingia ndani akiwa tayari anashukiwa. Mzigo wa kujitetea ni wake, muda ni dakika chache za usaili, na uamuzi huo hauna rufaa. Unachoweza ni kuomba upya na kulipa upya. Schengen nako ukikataliwa unapewa fomu yenye visanduku, ofisa kaweka alama, na kisanduku kimojawapo ni cha mashaka kama kweli utarudi kwenu. Angalau wao wanakuruhusu kukata rufaa. Mtu akitoka mle ndani bila viza, hajaambiwa ni mwizi, hajaambiwa ni fukara. Ameambiwa hawakuridhika. Mlango umejengwa hivyo, mwembamba, na aliyeujenga hakumjua aliyekuja kubisha.

Unataka kuuona wembamba wake? Nenda KIA siku yoyote. Mgeni kutoka Berlin anashuka, anatoa dola 50, anapata viza palepale uwanjani. Mmarekani analipa dola 100. Au waliomba mtandaoni kabla, mfumo huo upo tangu mwaka 2018. Hakuna anayemuuliza huyo mgeni kama ana shamba kwao, kama ana mke, kama benki yake ina miezi sita ya miamala inayopumua. Anagongewa muhuri, anapanda gari, kesho yake yuko Momella anaanza kupanda Mlima Meru.

Na anayempandisha ni nani? Ni kijana wa hapahapa, anayejua kila jiwe kuanzia Miriakamba hadi Saddle Hut, aliyemshika mkono usiku wa manane gizani akielekea kilele cha zaidi ya mita 4,500. Mgeni anashuka na machozi, anasema "lazima uje kwetu, nyumba ni yako". Anamaanisha. Akifika kwao anakwenda ofisi za serikali, anasaini ahadi rasmi kwamba atabeba gharama zote. Ujerumani wana utaratibu huo. Kijana anapanda basi, zaidi ya kilomita 600 mpaka Dar es Salaam, maana balozi ziko huko. Analipa ada, analala gesti, anatoa alama za vidole, anarudi nyumbani anasubiri. Kisha inakuja ile fomu yenye visanduku.

Huyo kijana afiche uso kwa lipi? Aliyeaminiwa na roho ya mtu mlimani, ofisi ikashindwa kumwamini kwa wiki mbili za kutembelea rafiki. Kama kuna wa kuona haya hapo, siyo yeye.

Lakini kijiweni kwetu tumeugeuza mchezo. Tumemfanya aliyenyimwa ndiye kichekesho, na aliyeghushi akapita ndiye mjanja. Na waliotufundisha mchezo huo ni haohao mastaa wa bango na pasipoti juu ya meza ya kahawa. Wao ndo wameupandisha muhuri wa ubalozi ukawa cheti cha kufaulu maisha. Ukiwa nao umetoboa, ukiukosa we wa kawaida tu.

Tena angalia unafiki wake. Arusha hii ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Namanga iko kilomita mia na kidogo kutoka hapa, na Mtanzania anavuka kwenda Kenya bila viza, ili mradi awe na hati yake ya kusafiria na kadi yake ya homa ya manjano wasije wakamsumbua. Uganda hivyohivyo, Rwanda hivyohivyo. Afrika Kusini unaingia bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90. Pasipoti ni shilingi 150,000 na inakaa miaka 10. Ni staa gani wa mjini umewahi kumwona anajivunia muhuri wa Namanga? Kwao Nairobi siyo nje. Kigali siyo nje. Nje ni kule wanakokataliwa.

Wakati huohuo, kwa kijana anayetaka kusafiri kwa njia ya haki, mihuri hiyo midogo ndiyo mwanzo. Maofisa wa viza huangalia umewahi kwenda wapi na ukarudi kwa wakati. Anayeanza na Nairobi, akaenda Kigali, akafika Johannesburg na kurudi siku aliyosema, anajenga historia ambayo hakuna kishoka anayeweza kuichapa. Staa mmoja akisema hilo kwenye ukurasa wake, ataokoa ng'ombe wengi wa maziwa kuliko semina 10.

Watetezi wa mastaa wana majibu yao, na ni haki yasikilizwe. La kwanza: "Ni maisha yake binafsi, halazimiki kusema." Sawa, asingetangaza. Aliyebandika bango la miji mitano na kukusanya sifa zake kashatoa jambo hilo chumbani kwake kalileta sebuleni kwa watu. Huwezi kuita hadhara wakati wa kupongezwa, halafu ukaita faragha wakati wa kuulizwa.

La pili: "Akisema kanyimwa, mapromota watamkimbia." Mapromota wa nje wanajua viza kuliko yeye. Wameshaona wasanii wa Afrika wangapi wakikwama? Wanachokimbia ni mtu anayewasingizia kwamba wamezingua. Yule promota aliyetukanwa wiki nzima na mashabiki wa Kijenge, unadhani atamtafuta tena jamaa?

La tatu: "Mtaani watamcheka." Watamcheka, ndiyo. Siku tatu. Halafu atasema mwingine, na mwingine, na siku kicheko kitakapokuwa kimezunguka mji mzima kitaisha, kwa sababu hakuna kinachochekesha katika jambo linalomkuta kila mtu.

Kuna kitu kimoja ambacho mastaa wa mji huu wangekikumbuka kabla ya kuficha. Safari ya nje maarufu kuliko zote zilizowahi kuanzia kwenye miteremko ya Meru haikupigiwa picha mbele ya ndege ili watu waone wivu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, kila mtu akijua zinakwenda wapi na kwa kazi gani. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, akafika New York na kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kueleza kilichowapata watu wake.

Hakurudi na ardhi mkononi. Dunia ilimsikiliza na ardhi ikabaki kwa walowezi kwa wakati ule. Kwa mizani ya Instagram, hiyo ni safari iliyofeli. Mbona basi jina lake bado linatajwa kwa heshima mpaka leo? Ni kwa sababu waliomchangia walijua alikwenda kufanya nini, na alipokataliwa wakajua pia kakataliwa nini. Hakuna mtu katikati aliyekula hela yao kwa jina la siri.

Mlima ni uleule. Watu bado wanachanga. Mama wa Poli anachanga, kikoba cha Sing'isi kinachanga, mjomba wa Ngaramtoni anatoa. Kilichobadilika ni kwamba sasa michango hiyo inaishia mezani kwa bwana wa suti ya bluu, naye anailinda kwa picha za mastaa wasiosema.

Kwa hiyo msanii wa miji mitano hadaiwi kilio wala kuomba radhi kwa machozi. Anadaiwa posti moja. Aandike: niliomba, nilipeleka hiki na hiki, kilipungua hiki, nikanyimwa, nitaomba tena. Amsafishe na promota wa watu. Mrembo naye aandike: hii ni Zanzibar, ni nchi yangu, nimekuja kula bata kwa hela yangu, na pasipoti nimeiacha nyumbani. Yule aliyepata viza kweli, na wapo, aonyeshe karatasi alizopeleka badala ya kuandika "Mungu fundi" na kuwaacha watoto wa watu wamtafute fundi mwingine.

Na wewe mdau uliyewahi kurudi kimya kutoka Dar na bahasha yako, ukawaambia nyumbani "bado wanashughulikia", hapo chini kwenye maoni pako wazi. Andika nchi, mwaka, na sababu waliyokupa. Jina siyo lazima. Bosi wa viza atazisoma hizo moja moja, na kila moja itamkosesha mteja.